Nilivyokwenda Harare Kumwona Mke Mwenzangu

Akina mama wenzangu wa kikundi cha Jumatano, na wewe Rispa uliyenipa kalamu hii nene, mmeniuliza mno. Kila nikianza kusimulia, ninakatizwa. Nikikaribia kufika pale langoni Harare, watu wanacheka kabla sijaeleza, na Mama Nduku, ambaye pale langoni hakuwepo, ananimalizia yeye. Kwa hiyo nimeona niiandike. Masomo yangu mnayajua, yaliishia darasa la pili kule Vihiga, na jicho la kushoto limekwisha kufunga. Lakini la kulia bado linaona mstari ukiwa mnene, na majina ya watu sisahau. Mambo ya paspoti na tikiti siandiki. Hayo hata Mungu huwaachia makarani.

Nilikwenda kwa sababu ya Mmbone. Kwa yule atakayesoma hii bila kutujua, Mmbone ni mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu Kadenyi, alitutoka mtoto angali ananyonya, nasi tukamlea, mimi na mume wangu Mzee Asava, fundi wa breki wa reli, hapahapa Makongeni, chumba kimoja na pazia. Mzee akirudi kazini alikuwa akimwita, "Bibi yangu mdogo, niletee maji ya kunawa." Na kwa kuwa yeye alikuwa bibi mdogo, mimi nikamwita mke mwenzangu. Huo ni utani wetu wa siku zote, wengi wenu mnao majumbani mwenu. Mtoto naye alijua kunijibu. Akipakuliwa nyama ndogo anasema bibi mkubwa anapendelewa. Mzee alipokufa tulibaki wajane wawili, mmoja na mvi, mwingine na yunifomu ya shule. Tulilisema hilo siku ya matanga tukacheka, na hakuna aliyetukemea.

Msichana akarefuka. Akaanza kucheza voliboli, akachukuliwa na timu ya kampuni, halafu akaitwa timu ya Kenya. Mimi kumwona akicheza na jezi ya Kenya, hapana, sijawahi. Walikuwa wakicheza ng'ambo, na akirudi nikimuuliza alichezaje anasema, "Guku, mimi nilikaa benchi." Guku ndiyo nyanya kwa Kimaragoli.

Kisha daktari wa macho akaniambia kwamba hii ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi. Alisema kama kuna kitu nataka kukiona, nisikiahirishe. Alikuwa akisema tu, kama madaktari wanavyosema. Mimi nilitoka pale nikijua kitu chenyewe.

Mwaka huo Michezo ya Afrika ilikuwa Harare, na Mmbone alikuwa kwenye timu. Wao walipanda ndege. Jirani yangu Mama Nduku, Mkamba wa Mwala mnayemjua, ana mazoea ya kupeleka vinyago vya twiga wanavyochonga shemeji zake kuuza hukohuko. Nikamwomba nifuatane naye. Akaniangalia kutoka kichwani hadi viatuni akasema, "Guku, ukinifia njiani nitakuuza na twiga." Hiyo ilikuwa ndiyo yake ya kukubali.

NAIROBI MPAKA DAR: NILIVYOJILA MWENYEWE

Tuliondoka kwa basi la asubuhi. Mama Nduku alikuwa na magunia ya twiga wa mbao, kila mmoja amezungushiwa gazeti shingoni kama mgonjwa wa koo. Alikuwa pia na nyama choma ya soko la Burma, iliyofungwa ikiwa bado inatoa moshi. Mimi nilikuwa na chapati, ndizi mbivu, na mwiko mpya wa mti mgumu ambao Muasya, shemeji wa Mama Nduku, alinichongea nimpelekee Mmbone. Mwiko haukuingia kwenye mkoba, mpini ukabaki nje. Ukumbukeni huo mwiko.

Namanga tulipita vizuri. Shida ilianza baada ya hapo, na haikuwa shida ya barabara, ilikuwa ya Kiswahili.

Mzee mmoja wa kiti cha mbele, jina lake Kimaro, aligeuka akaniambia, "Shikamoo bibi. Usingizi umekujia?" Nanyi mnajua kwetu Nairobi bibi ni mke wa mtu. Nilimjibu kwa ubaridi kwamba mimi nina mume wangu, amelala Vihiga chini ya mwembe wake, na sitafuti mwingine ndani ya basi. Mama Nduku akaninong'onezea kwamba huku bibi ni nyanya, ni neno la heshima. Mzee Kimaro alipoeleweshwa alishika kifua akaomba radhi mpaka mimi ndiye niliyeona haya. Tulipofika Korogwe akaninunulia machungwa, na kila nikimaliza moja alinimenyea jingine. Nilikula machungwa ya radhi mpaka Chalinze.

Dar tulifikia kwa Bi Zuhura, mama mwenye nyumba ya wageni kule Ilala, ambaye Mama Nduku hulala kwake kila safari. Asubuhi akaja na tabasamu: bibi ameamkaje, bibi atakunywa nini. Nikaona nimrekebishe kwa upole. Nikamwambia, "Mimi si bibi. Mimi ni nyanya."

Akasema, "Haya mama, nimekusikia," akaenda jikoni.

Akarudi na chai, na vitumbua vya moto, na sahani kubwa ya nyanya zilizokatwa vizuri, na chumvi pembeni, na ndimu. Nikazitazama. Nikafikiri labda ndiyo desturi ya pwani. Nilikuwa nimekwisha kuzila nusu Mama Nduku alipoingia akitoka kuoga, akaniuliza nani aliagiza nyanya. Nikamweleza. Alikaa sakafuni. Alicheka hadi Bi Zuhura akaja kuona kama kuna mgonjwa, na alipoambiwa kwamba Nairobi nyanya ni mama wa mama yako, yeye pia akashikilia mlango. Nilijila mwenyewe na chumvi, akina mama, na nilikuwa mtamu. Bi Zuhura akanifungia nyingine kwenye karatasi. Akasema, "Mpelekee mjukuu, aijue nyanya yake." Hakutulipisha kifungua kinywa kile, na Mungu amkumbuke.

TRENI ILIYOCHOKA

Kutoka Dar tulipanda treni ya kwenda Zambia. Wanawake huwekwa na wanawake, na kitanda cha chini nikapewa mimi kwa ajili ya magoti. Kitanda cha mbele yangu alikaa Mrs. Bwalya, Mzambia mnene mwenye sauti ndogo, aliyekuwa akirudi na vitenge vya kuuza. Kiswahili alijua cha sokoni tu, lakini na Mama Nduku walielewana kwa Kiingereza. Na alikuwa na redio.

Redio hiyo ndiyo ilikuwa macho yangu. Ilisema Kiingereza mfululizo, mimi nikisubiri neno moja tu, Kenya. Likitajwa nilimgusa Mama Nduku mguu. Siku ya kwanza akasema ni wakimbiaji, wameshinda. Hilo silo nililotaka. Wakimbiaji wetu kushinda ni kama jua kutoka, unashukuru lakini huiti majirani. Siku ya pili akasema, "Guku, voliboli ya wanawake. Wameshinda." Nikauliza kama Mmbone ametajwa. Akasema hapana. Mrs. Bwalya akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Redio hapana sema benchi." Ilikuwa kweli.

Mhudumu wa chakula, kijana mpole aitwaye Mwakalinga, alipofika mlangoni Mama Nduku aliniuliza, "Guku, utakula nini?" Kabla sijajibu, Mwakalinga akainamisha kichwa kwa masikitiko. "Kuku ameisha, mama," akasema. "Kuna samaki."

Basi nikaona mambo yamekuwa hayo. Nyanya ni ya kachumbari, bibi ni mke wa mtu, na guku ni kuku, tena ameisha.

Tulipokuwa tumepita Makambako, treni ikasimama porini. Kwanza tulidhani inapishana na nyingine. Jua likapanda, likaanza kushuka. Mmoja akasema ni injini, mwingine akasema ni reli ya mbele, mwingine akasema dereva ana mke karibu na hapo. Wanawake wa vijiji vya jirani wakaja na viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa kwenye ndoo, na baridi ya huko ni kama ya Limuru. Mrs. Bwalya alikata kitenge kipya, cha kuuza, akanifunika miguu.

Hapo ndipo nilipoogopa. Tulikuwa tumekwisha kusikia kwamba mechi ya mwisho ni Jumamosi. Macho yangu yalikuwa yamebakiza kidogo, na hicho kidogo nilikuwa nakitumia kutazama nyasi za mtu. Niliomba. Niliomba vibaya pia, kwa kumlaumu Mungu, mpaka niliposikia sauti nje.

Ilikuwa nyundo kwenye gurudumu. Mbili za haraka, halafu kimya, halafu moja.

Akina mama, nilisimama mwenyewe bila kushikwa mkono. Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee Asava. Kazi yake ilikuwa ni kupita kando ya mabehewa akigonga magurudumu asikilize kama kuna lililopasuka. Mbili, anasikiliza, moja ya kuhakikisha. Sijui kama mafundi wote hugonga hivyo, ama huyu tu. Mzee aliileta nyumbani, ndivyo alivyogonga mlango. Nami nikaichukua, nikawa namwamsha Mmbone kwa kugonga sanduku la bati na mwiko: mbili, nangoja, moja. Ile ya mwisho ndiyo ya hasira.

Nikachungulia dirishani. Alikuwa mtu wa makamo, jina lake Fundi Sanga, nilimuuliza. Aliniona ninafuta macho akadhani nimechoka na kungoja. Akaniambia, "Usijali bibi. Tutafika."

Siku hiyo neno bibi halikuniudhi. Na kweli, jua lilipokaribia kuzama treni ikajitikisa, ikaenda.

LUSAKA NA MPAKANI

Kapiri Mposhi, treni inapoishia, tulishuka tumechelewa sana. Mrs. Bwalya hakutuacha. Alitupeleka kwa dada yake Lusaka, mwanamke aitwaye Grace, akatupikia ugali wao ambao wanauita nshima, na dagaa wa kukaanga wanaowaita kapenta. Nikawaambia hawa ni omena, wakasema ni kapenta, nikasema sawa, lakini tumboni waliingia kama omena. Redio ikasema Kenya iko fainali. Mimi na Mrs. Bwalya tulicheza pale jikoni, yeye kwa mwili wake wote na mimi kuanzia kiunoni kwenda juu.

Kutoka Lusaka tulipanda basi la kwenda Harare. Tukavuka Zambezi kwa daraja, na ng'ambo ya pili maofisa wakawaona twiga. Walitaka kila mmoja afunguliwe gazeti. Kila mmoja. Mama Nduku aliwabembeleza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kikamba, na Kikamba chake hakikuwa cha kubembeleza. Basi likaanza kupiga honi. Ilikuwa Ijumaa.

Akaja kwangu jasho likimtoka. Nikamwambia tutangoja pamoja. Akatikisa kichwa. "Wewe nenda, Guku," akasema. "Twiga hawana mechi kesho."

Akazungumza na dereva, jina lake Bwana Moyo, akamwambia huyu mama ashushwe wanakolala wachezaji na si penginepo. Halafu akaniwekea nyama ya mwisho ya Burma mkononi, ngumu kama soli, akarudi kwa twiga wake. Mimi nikaendelea peke yangu, katika nchi ambayo hakuna anayesikia Kiswahili. Nilishika mkoba kifuani na mpini wa mwiko ukanigusa kidevu njia nzima.

LANGONI

Bwana Moyo alifanya alivyoambiwa. Jumamosi asubuhi alinisimamisha mbele ya lango kubwa lenye bendera, akanisalimia kwa kupiga makofi polepole kama wanavyofanya wao kwa heshima, akaenda zake.

Langoni kulikuwa na askari kijana aitwaye Tapiwa. Kando, kwenye kivuli, alikaa mzee mmoja Mganda aitwaye Okello, kofia magotini. Yeye ni baba wa bondia. Nilikuja kuambiwa kwamba alikuwa amesema vizuri kabisa kwa Kiingereza kuwa yeye ni baba na anamtaka mwanawe, akaambiwa aketi angoje. Alikuwa akingoja tangu jana yake.

Nikasema maneno niliyokuwa nayo: Kenya, voliboli, Mmbone. Tapiwa akaniuliza kitu. Nikarudia. Tukaendelea hivyo kwa heshima kubwa, pande zote mbili, bila kwenda popote. Ndipo akapita mtu wa makamo mwenye suti ya michezo ya Tanzania. Tapiwa akamwita. Alikuwa Bwana Mwaipopo, mtu wa kuwachua misuli mabondia wao. Nilifurahi kusikia Kiswahili kama mtu aliyesikia maji.

Akasema, "Shikamoo mama. Huyo Mmbone, wewe ni nani wake?"

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mnapochekaga. Mimi sikukurupuka. Nilifikiri. Huyu ni Mtanzania. Nikisema nyanya, ataniletea sahani. Nikisema guku, ataniambia ameisha. Nikisema bibi, hilo mdomo wangu ulikataa. Nikatafuta neno ambalo Mswahili yeyote, wa huku na wa kule, hawezi kulikosea. Nikalipata. Nikamwambia kwa ujasiri:

"Mwambieni mke mwenzake amefika."

Bwana Mwaipopo akanitazama. Akatazama mkoba. Akatazama mpini wa mwiko.

"Mke mwenzake," akasema.

"Ndiyo. Mimi ndiye mkubwa."

"Na umetoka wapi, mama?"

"Nairobi. Kwa basi na treni."

"Ukimfuata yeye."

"Nimfuate nani mwingine? Nataka nimpate kabla hajaingia uwanjani."

Akamgeukia Tapiwa, wakazungumza Kiingereza kwa sauti ya chini. Tapiwa akanijia akanyoosha mikono yote miwili, kwa adabu sana, akaomba mwiko. Nikampa. Nilidhani anaupenda. Bwana Mwaipopo alikwisha kuondoka mbio, na mtu mzito kama yule hukimbia kwa sababu.

Haukupita muda nikaona watu wanatokea. Wa kwanza walisimama mbali, kisha wengine nyuma yao, wachezaji wa nchi ambazo sijui hata ziko upande gani, wote wakinitazama. Kisha akaja mama mrefu mwenye miwani, Mrs. Ochola, meneja wa wasichana wetu. Kila upande wake alikuwa amemsimamisha msichana wa kurusha tufe, mabega kama mlango wa kanisa. Alinishika mkono kwa upole.

Akasema, "Mama, mambo ya nyumbani tutayamaliza nyumbani. Huyu msichana ana fainali leo. Nakuomba usimguse."

Nikamwambia sikuja kugombana, mimi na yeye tunapatana sana.

"Na mume wenu anajua uko huku?"

"Mume wetu alikufa," nikasema.

Mrs. Ochola akakaa kwenye jiwe. Alikaa kwanza ndipo akasema pole. "Na Mmbone anajua?"

"Alikuwepo kwenye mazishi. Alilia kunishinda mimi."

Msichana mmoja wa tufe akaanza kufuta machozi. Mrs. Ochola akavua miwani. Ndipo nikasikia miguu inakimbia, na kicheko ninachokijua tangu hakijaota meno, na Mmbone akapita katikati ya watu wote wale akapiga magoti mbele yangu.

"Bibi mkubwa," akasema, "umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kukuangalia," nikasema.

Baadaye alinieleza. Walikuwa wakinywa chai. Habari iliingia mlangoni kwamba kuna mke mkubwa amefunga safari kutoka Kenya na rungu. Ilipofika meza ya pili rungu lilikuwa panga. Wenzake wakaanza kuulizana ni mume wa nani, na wakati ilipofika mezani kwake kwamba anayetafutwa ni Mmbone, ambaye hajaolewa hata siku moja, chumba kizima kikamgeukia. Ni yeye peke yake katika Harare nzima aliyejua ni nani anayemwita hivyo.

Tulipomweleza Bwana Mwaipopo alijipiga paji la uso. "Lakini mama, ungesema tu bibi." Nikamwambia bibi ni mke wa mtu. Akasema, "Na mke mwenza je?" Nikamwomba mwiko wangu.

Lakini nimelifikiria tangu siku ile. Mzee Okello alikuwa amesema ukweli, na ukweli ulikuwa umekaa naye kwenye kivuli, kofia magotini. Uvumi wangu ulikuwa umeshafika mezani na kurudi na meneja. Nikamwambia Mrs. Ochola habari za huyo mzee, naye akamtuma msichana wa tufe akamtafute bondia. Nilimwona Okello akikumbatiwa kabla hatujaondoka.

Mwiko nilirudishiwa. Mmbone akaunusa, akacheka. Kisha uso ukabadilika. Akasema, "Guku, sijaingia hata mechi moja. Nakaa benchi. Umekuja mbali hivi, na huenda nisiingie."

Nikamwambia, "Basi nitaangalia benchi."

UKUMBINI

Nilikalishwa karibu na mama mmoja wa hukohuko, Mai Tendai. Mai ni mama kwao. Alikuwa na bisi za mahindi na karanga ndani ya mfuko, akaniwekea kiganjani bila kuniuliza mimi ni nani. Lugha hatukuwa nayo, ila nilimwonyesha upande wa Kenya nikasema, "Mwana wangu," akasema, "Mwana!" Kumbe mtoto ni mwana huku na kule. Akanishika mkono.

Sitawadanganya niliona nini. Niliona taa, na uwanja, na nguo nyekundu upande mmoja zikipanda na kushuka, kama nguo za watu kwenye kamba siku ya upepo. Mpira sikuuona. Nambari sikuziona. Kila Kenya ikipata pointi Mai Tendai alinibana mkono, ikipoteza alininyoosha vidole. Kwa hiyo mechi niliijua kwa mkono. Na macho niliyaweka kwenye benchi, kwenye doa jekundu la pembeni kabisa, nikaliangalia hilo bila kupepesa.

Walipata seti, wakapoteza, wakapata. Katika ile seti ambayo ingemaliza mambo, vidole vyangu vikawa vinanyooshwa mno. Mrs. Ochola aliniambia baadaye kwamba mpiga mipira mmoja alikuwa amechoka bega. Mimi nilichokiona ni kwamba benchi limepungua. Doa la pembeni halikuwepo.

Nikamtazama Mai Tendai. Naye hakujua. Nyekundu zilikuwa zote uwanjani, zinafanana. Nikageuza kichwa kumtafuta kwa lile jicho langu, na kadiri nilivyotafuta ndivyo zilivyochanganyika, nikasema moyoni, Mungu wangu, yuko mbele yangu na simwoni.

Mpigaji akienda pembeni kuanzisha mpira, watu hunyamaza. Wakanyamaza.

Mpira ukadundwa sakafuni. Mbili za haraka. Kimya. Moja.

Nikamjua. Nikajua amesimama wapi na miguu ameiwekaje. Nikasimama. Mai Tendai akasimama nami bila kujua kwa nini. Nikasikia kofi la mkono kwenye mpira, na kelele, na mkono wangu ukabanwa. Tena: mbili, kimya, moja. Ukabanwa tena. Mara ya tatu mpira ulirudi na ukatushinda, na nikaona nyekundu moja ikitoka ikaenda kukaa pembeni kabisa. Nikakaa nami. Nikaendelea kuliangalia benchi kama nilivyoahidi, mpaka Mai Tendai aliponibana mkono asiuachie, na ukumbi ukapasuka, na nikasikia jina la nchi yetu likiitwa. Dhahabu.

Mmbone akaja kwangu amelowa jasho. Aliniuliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu. "Guku, uliniona?"

"Nilikuona."

"Na hayo macho?"

"Kwani wewe ulikuwa unamgongea nani?" nikasema.

Hakuelewa. Alikuwa hajui. Miaka yote hiyo anadunda mpira vile na hajui. Nikachukua mwiko nikagonga ubao wa kiti: mbili, nikangoja, moja. Mmbone akaweka mkono mdomoni. Alikuwa tena mtoto mdogo kitandani, anajifanya hajasikia sanduku.

KURUDI

Wao walirudi kwa ndege, Mmbone na mwiko wake. Mimi nilimngoja Mama Nduku kwa Mai Tendai, aliyenipikia mboga zilizotiwa siagi ya karanga, na ambaye hata leo nikila karanga namwombea. Mama Nduku akafika amekonda na twiga wote, hakuvunjika hata mmoja, akauza, tukageuka. Mrs. Bwalya tulimpitia. Bi Zuhura aliponiona tu, akaleta sahani ya nyanya. Nilizimaliza.

Nawashukuru wote hao. Wengine hawakujua jina langu, waliniita bibi, na sasa naitika.

Tulifika Makongeni mchana. Nikatembea mwenyewe hadi mlangoni kwangu. Kulikuwa na harufu ya mboga ya mrenda inayochemka. Nikagonga: mbili, nikangoja, moja.

Ndani Mmbone akauliza, "Nani?"

"Mke mwenzako."

Akafungua, amevaa leso yangu, na mwiko wa Muasya mkononi una unga. Nikaketi. Nikamwambia sasa nimefika, alete ile medali niishike, kwa sababu siku ile ukumbini watu walikuwa wengi. Hakuinuka. Akanishika kidole akanielekeza ukutani, kwenye picha ya Mzee Asava na kofia yake ya reli. Nikasogea mpaka jicho likakaribia kugusa kioo. Ilikuwa inamning'inia shingoni.

"Nimempa mume wetu," akasema, akarudi kukoroga ugali. "Wewe ulikuwa umesafiri."